Nilidhani Baba Amempokonya Mungu

Juzi nilisimama Kambu kununua ndizi, pale kando ya barabara ya Mombasa, upepo ukaniletea harufu ambayo nilikuwa sijaisikia kwa muda mrefu. Mti mbichi ulikuwa ukiungua polepole chini ya udongo. Huo si moshi wa jiko wala moshi wa takataka. Unaanza na utamu fulani wa utomvu, halafu nyuma yake unakuja uchungu unaokaa kooni mpaka unatamani maji. Yule mama wa ndizi alikuwa ameshanyoosha mkono kunipa, nami nimesimama tu. Akaniuliza, "Madam, uko sawa?" Nikamwambia niko sawa. Sikuwa sawa. Nilikuwa nimerudi nyumbani kwetu, chini ya mlima upande wa Migwani, na nilikuwa naogopa kwamba Mungu anakuja kumchukua Baba.

Baba alikuwa akichoma makaa wakati wa kiangazi, shamba likiwa halina kitu. Siku hizo hakuna aliyekuwa amepiga makaa marufuku kwetu. Alikuwa akikata miti iliyokauka nusu, akaipanga kwenye shimo refu nyuma ya boma, akaifunika kwa nyasi, na juu ya nyasi akarundika udongo mpaka likawa kama kaburi la jitu. Kisha aliwasha upande mmoja na kuacha vitundu vya kupumulia. Moto wenyewe ulikuwa hauonekani. Ulitembea chini kwa chini siku nyingi, na moshi ukitoka ardhini kwenye vile vitundu, mweupe kwanza, halafu wa bluu. Ukiweka mkono juu ya udongo unasikia joto. Ukiinama karibu na kitundu unaona wekundu ndani, mbali, kama jicho. Tanuri hilo haliachwi peke yake, kwa sababu udongo ukipasuka hewa inaingia na kila kitu kinageuka majivu. Ndiyo sababu Baba alikuwa haendi kanisani miezi ya makaa. Mama alikuwa ameokoka na hakukosa Jumapili. Baba alisema yeye Mungu anajua mahali pa kumpata.

Kanisa letu lilikuwa la mabati, na upande mmoja ulikuwa bado haujaezekwa. Aliyetuhubiria tulimwita Mwinjilisti, mtu mpole, mrefu, aliyekuja kwa baiskeli kutoka ng'ambo ya mto. Lakini akishika habari ya hukumu sauti yake ilibadilika. Jumapili moja alituambia jehanamu iko chini, ni moto usioonekana kutoka nje, moshi wake haukomi kupanda, na waliomo ndani wanaona walio nje lakini hawawezi kutoka. Watu wazima walitikisa vichwa. Mimi nikakaa kwenye benchi, mikono imebana magoti, kwa sababu mahali hapo nilikuwa napajua. Palikuwa nyuma ya nyumba yetu.

Sikumwambia mtu. Mtoto akishaelewa kitu hivyo haoni haja ya kuuliza. Kuanzia siku hiyo sikupita tena karibu na tanuri, nikitumwa kuni nilizunguka kwa mbali, na kuku akielekea huko nilimwacha. Jambo lingine lililonisumbua ni kwamba Mwinjilisti alisema Mungu ni Baba yetu. Baba niliyemjua mimi alikuwa mmoja. Alikuwa mtu ambaye ukiugua anakupa nyama yake kutoka kwenye sahani bila kusema neno, na ukikosa anakuchapa bila kusema neno. Hukujua ni lini fimbo itakuja. Basi nikajua Mungu yuko hivyo, ila mkubwa zaidi, na fimbo yake ndiyo ile iliyokuwa ikitoa moshi nyuma ya boma.

Kaka yangu Musyoka alikuwa mkubwa wangu kwa miaka kadhaa, ameanza kuvunja sauti, na alikuwa katika darasa la ubatizo. Waumini walikuwa wametoa mbuzi ili wauzwe, kanisa limalizwe mabati, na kwa kuwa Musyoka alikuwa mchungaji mzuri walimpa awachunge pamoja na wetu. Siku moja jioni beberu mmoja mweupe, mkubwa kuliko wote, hakurudi. Musyoka alitafuta mpaka miguu ikatoka damu kwa miiba. Kesho yake Anko Mbithi, mdogo wake Baba, akaja nyumbani akiwa amekunja uso. Akasema hakutaka kuleta maneno katika nyumba ya ndugu yake, lakini amemwona Musyoka Migwani, siku ya soko, akimkabidhi mtu beberu huyo.

"Mimi? Anko, mimi?" Musyoka akasema.

"Nilikuona na macho yangu. Ungesema tu ukweli, mambo yaishe."

Anko Mbithi alikuwa mtu wa kuchekesha. Alinichongea wanasesere wa magunzi ya mahindi. Hakuna aliyefikiri anaweza kusema jambo kama hilo bila kuliona. Habari ikafika kanisani kabla yetu. Jumapili iliyofuata Baba aliacha tanuri, akaja kanisani kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kianze, na baada ya ibada akamwita Musyoka pale uani, mbele ya watu wote, akamchapa kwa fimbo mbichi.

Musyoka hakulia. Kila fimbo ilipotua alisema, "Sikuuza, Baba." Akasema tena na tena, sauti ikipungua, mpaka ikafika mahali akawa anasogeza midomo tu. Mama alikuwa amegeukia ukuta. Mwinjilisti alisema kwa huzuni kwamba kijana atasimama kando na darasa la ubatizo hadi atakapotubu. Tulirudi nyumbani, Musyoka akitembea nyuma yetu, shati limemganda mgongoni.

Nilimwamini Musyoka. Sikuwa na ushahidi wowote, ila alikuwa hajawahi kunidanganya hata katika mchezo. Na kwa sababu nilimwamini, hofu yangu ikaingia mahali papya. Kumbe Baba anaweza kumchapa asiye na kosa. Kama Baba anaweza, Mungu je? Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba nikiwa mtoto mzuri moto hautanifikia. Sasa nikaona kwamba kuwa mzuri hakusaidii kitu, mtu akishasimama na kusema amekuona.

Jioni, kabla ya kula muthokoi wetu wa mahindi na maharagwe, Mama alikuwa akituombea. Baada ya mambo ya mbuzi aliongeza ombi moja ambalo alilirudia kila siku. "Bwana, wewe unaona gizani. Mfichue aliyefanya hivi." Musyoka alikuwa hasemi tena chochote nyumbani, lakini hapo alisema amina kwa nguvu, na mimi nikasema amina. Baba aliangalia chini.

Kisha nikashikwa na matumbwitumbwi. Mashavu yalivimba, Mama akanifunga kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini, na Jumapili wakaniacha nyumbani, yeye na Musyoka wakaenda kanisani. Baba alibaki kulinda tanuri. Lilikuwa linakaribia mwisho. Upande mmoja makaa yalikuwa yameiva na kupoa, upande mwingine moto bado unatembea. Jua likiwa limepanda vizuri Baba akachukua punda na mitungi, akaniambia nisitoke kivulini, anakwenda silanga, kwenye bwawa letu, kuchota maji na anarudi sasa hivi. Nilikaa kwenye kibaraza nikiangalia moshi. Nilijihesabu salama kwa sababu palikuwa na uwanja mzima kati yetu.

Ndipo nikamwona Anko Mbithi. Alitokea upande wa kichakani akiwa na gunia na sepetu, akaangalia nyumba, hakuniona. Nilitaka kumwita lakini mdomo ulikuwa umefungwa na kitambaa na taya zinauma. Akainama akaanza kuchimba upande ulioiva, akitia makaa kwenye gunia haraka haraka, akigeuka kuangalia njia ya silanga. Kisha, labda kwa kutaka makaa makubwa ya katikati, akapanda juu ya tanuri.

Udongo ukafunguka chini yake. Haikutoa sauti kubwa. Ilikuwa kama mtu mzito ameketi juu ya nyasi kavu. Alizama mpaka mapajani, cheche zikaruka pande zote, moshi uliokuwa mwembamba ukawa mnene ghafla, na ndani yake nikasikia Anko Mbithi akipiga kelele, "Mwaitu! Mwaitu!" akimwita mama yake, bibi yetu aliyekuwa amekufa zamani. Alijaribu kutoka kwa mikono, lakini kila aliposhika udongo ulibomoka na kumrudisha ndani.

Mimi sikupiga kelele. Nilijua nilichokuwa naona. Tulikuwa tumeomba afichuliwe, na Mungu alikuwa amemfichua. Jehanamu ilikuwa imefungua mdomo nyuma ya nyumba yetu, mchana kweupe, ikamshika mwenye kosa, na kazi hiyo ilikuwa ya Mungu, haikuwa ya kuingiliwa na mtu.

Baba alitokea kwenye njia. Aliachia kamba ya punda, mitungi ikaanguka, akakimbia. Sijawahi kumwona mtu mzima akikimbia namna hiyo. Alifika ukingoni, akajaribu kumnyooshea mpini wa sepetu, Anko akaushika ukamponyoka. Basi Baba akaingia. Aliingia kwa miguu yake, akiwa amevaa viatu vya akala, vya mpira wa tairi, na udongo ukabomoka chini yake pia. Akasimama ndani ya makaa mekundu, akapitisha mikono chini ya makwapa ya Anko Mbithi na kumwinua kama mtu anavyoinua gunia la mahindi. Nilisikia harufu ya mpira ukiyeyuka. Na Anko, uso wake ukiwa karibu kabisa na uso wa Baba, akalia, "Kaka, nisamehe, mbuzi ni mimi! Mbuzi ni mimi!"

Nilimwona Baba akisikia. Mikono yake haikulegea, lakini uso ulisimama. Kwa muda mfupi walibaki hivyo, wawili motoni, wakiangaliana. Nilifikiri atamwachia. Kisha Baba akapiga kelele, si neno, sauti tu, akamrusha Anko ukingoni, halafu akatambaa kutoka yeye mwenyewe.

Watu walikuja mbio kwa kelele zile. Mtu wa pikapu akawapeleka hospitali Kitui, wakarudi baada ya muda wamefungwa bendeji miguu. Anko hakuwa na mke wala mtu wa kumwangalia, kwa hiyo Mama aliwatandikia wote wawili chumba cha mbele, kitanda kimoja upande huu na kingine upande ule. Musyoka ndiye aliyewaletea maji na kuwaondolea mabeseni. Kila siku aliingia pale, akamhudumia Anko kama alivyomhudumia Baba, na hakumwangalia yeyote kati yao machoni.

Hapo ndipo hofu yangu ilipokuwa kubwa kuliko zote, na hakuna mtu aliyeijua. Kwa sababu mimi niliona Baba alichofanya. Watu walikuwa wakija kusema, "Baba Musyoka, umefanya kazi kubwa," nami nilikaa nyuma ya mlango. Walikuwa hawaelewi. Mungu alikuwa amemshika mwizi, na Baba amemtoa mkononi mwa Mungu. Baba ambaye hata hakuwa ameokoka. Ingekuwaje Mungu anyamaze?

Nikaanza kungoja. Vidonda vya Baba vilipoanza kunuka nikasema, imeanza. Homa ilipompanda akaweweseka mchana, akiita majina ya ng'ombe waliokufa, nikasema ni leo. Anko Mbithi, ambaye ndiye aliyekosa, alikuwa anapata nafuu haraka kuliko Baba, na hilo kwangu lilikuwa ushahidi kamili. Adhabu ilikuwa inahama kutoka kitanda kile kuja kitanda hiki. Nilikuwa nikiingia chumbani nahakikisha kifua cha Baba kinapanda na kushuka. Chakula kilinishinda. Mama alidhani bado ni matumbwitumbwi.

Siku moja Mwinjilisti akaja kuwaombea. Alikaa kwenye kiti kati ya vitanda viwili, akaweka mkono kwenye paji la uso la Baba, akasema kwa sauti yake ya upole, "Usiogope, ndugu yangu. Aliyeshikwa na Mungu, hakuna wa kumpokonya."

Alisema hivyo kumfariji. Sasa ninajua. Lakini mimi pale mlangoni nilisikia hukumu ikisomwa. Hakuna wa kumpokonya. Na aliyejaribu alikuwa amelala hapo mbele yangu, macho yamezama, midomo imekauka.

Nilivumilia mpaka Mwinjilisti alipoondoka na baiskeli yake. Anko alikuwa ametolewa nje kuota jua. Baba alikuwa peke yake, na homa ilikuwa imepungua kidogo. Nikasimama karibu na kitanda.

"Baba."

"Naam."

"Mrudishe."

"Nimrudishe nani?"

"Anko. Mrudishe kwa moto. Ukimrudisha, Mungu atakuacha."

Baba akanigeukia. Akajaribu kuinuka kwa kiwiko, ikamshinda. "Kuja hapa," akasema. "Ni nani amekuambia hivyo?"

Basi nikamwambia yote, nikilia, maneno yakigongana. Kwamba jehanamu iko chini ya tanuri. Kwamba tuliomba mwizi ashikwe, na Mungu akamshika, na yeye akamnyang'anya. Kwamba sasa homa ndiyo Mungu anakuja kumdai. Sijui kama alielewa kila neno. Alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa moto, na machozi yakaanza kumtoka pembeni mwa macho yakielekea masikioni. Nilikuwa sijawahi kumwona Baba akilia. Nikadhani nimemwua.

"Mama Musyoka," akaita. "Mama Musyoka, kuja usikie huyu mtoto."

Mama akaja, mikono ina unga. Baba akamweleza kwa kifupi, sauti ikikatikakatika. Mama hakucheka. Alikaa chini sakafuni, akanivuta katikati ya magoti yake, akanifuta uso kwa leso yake.

"Mwende," akaniambia, "siku hiyo uliona Mungu wapi?"

"Kwa moto. Akimshika Anko."

"Kwa moto anko yako alijipeleka na miguu yake, na gunia lake. Hakuna aliyemsukuma. Sasa nisikize. Baba yako wewe unamjua. Alikuwa amekasirika mambo ya mbuzi au hakuwa amekasirika?"

"Alikuwa."

"Na huyo aliyeleta shida yote akaanguka. Baba yako angeweza kusimama pale aangalie. Unafikiri ni nani alimtuma aingie?"

Nikakunja ncha ya leso yake.

"Mungu hakuwa anamvuta Mbithi chini, mama. Mungu ndiye alikuwa anaingia kumtoa."

Nilimwangalia Baba. Alikuwa amefumba macho. Akasema polepole, "Mimi sijui mambo mengi ya kanisa. Nilisikia tu mtoto wa mama yangu akimwita mama yangu. Miguu ikaenda."

Ningependa kusema hofu ilinitoka siku hiyo. Haikutoka. Iliondoka kidogo kidogo, kama ile homa, ikirudi siku nyingine. Lakini nilianza kula.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo halikuwa limeguswa. Anko Mbithi alikuwa hajasema neno lolote la mbuzi tangu atoke motoni. Alikula chakula chetu, akafungwa vidonda na Mama, akapokea maji kutoka kwa Musyoka, na akanyamaza. Nadhani aliomba kimoyomoyo kwamba Baba hakusikia, au kwamba amesahau. Maneno yale ya motoni Baba alikuwa amemwambia Musyoka tu, siku za kwanza kabisa, Anko akiwa usingizini. Nilikuwepo. Musyoka alisikiliza mpaka mwisho, akachukua beseni, na alipofika mlangoni akasema, "Mimi niliitwa mwizi mbele ya kanisa. Wewe unanisafisha hapa chumbani." Akatoka.

Maneno hayo yalikaa na Baba. Siku alipoweza kuketi akamgeukia Anko upande wa pili wa chumba.

"Mbithi. Jumapili utaenda kanisani."

"Miguu bado, Kaka."

"Utabebwa. Utasimama uani pale nilipomchapa kijana, na utasema."

Anko akaanza kulia. "Si nilikuambia nisamehe? Umenisamehe ama hujanisamehe?"

"Nilikusamehe nikiwa bado nimesimama kwa makaa," Baba akasema. "Ningekuwa sijakusamehe ungekuwa majivu sasa. Lakini Musyoka anatembea na jina lako mgongoni. Nikikuacha hivi, nani atamwondolea? Motoni nimekutoa mimi. Kwa huo uongo utatoka wewe mwenyewe, na mdomo wako."

"Watanifukuza."

"Labda. Nitakuwa hapo."

Tangu wakati huo nimesikia watu wengi wakibishana juu ya Mungu, kama ni wa upendo au ni wa haki, kana kwamba ni ndugu wawili waliogawana shamba na hawasalimiani. Huwa sina maneno ya kitaalamu ya kuwajibu. Nakumbuka tu chumba kile, vitanda viwili, na mtu mwenye miguu iliyoungua akikataa kumwachia ndugu yake afe, na akikataa vilevile kumwachia abaki alivyo. Nilikuwa mtoto, na hata hapo niliogopa. Kuna aina ya huruma ambayo inatisha kuliko fimbo, kwa sababu fimbo ukishachapwa unaenda zako.

Jumapili hiyo mkokoteni wa punda uliwapeleka wote wawili. Mwinjilisti alikuwa ameambiwa. Baada ya ibada watu hawakuondoka, walisimama uani wakizunguka, kama siku ile nyingine. Anko Mbithi alishikiliwa na wanaume wawili. Alikuwa amekonda, suruali imekatwa magotini kwa ajili ya bendeji. Nilimwonea huruma nikasahau kila kitu kingine. Kisha akasema yeye ndiye aliyemchukua beberu wa kanisa malishoni na kumuuza, na Musyoka hakujua lolote. Akasema alipoona watu wanatafuta aliogopa, akaona kijana ataadhibiwa kidogo kisha yataisha. Akasema atalipa mbuzi kwa mbuzi akipona. Mama mmoja akaguna, mwingine akasema kwa sauti, "Mtoto wa ndugu yako!" Yeye akainamisha kichwa, hakujitetea.

Mwinjilisti akavuta pumzi, akamgeukia Musyoka. "Nami nilikuondoa darasani bila kukusikiliza vizuri," akasema. "Naomba unisamehe. Rudi mahali pako."

Ndipo Baba akasimama na magongo yake. Hatukujua kwamba atasema. Alikuwa mtu wa kuogopa mikutano. "Mimi nilikuwa na haraka," akasema. "Nilitaka watu waone mimi si baba wa mwizi. Huyu kijana aliniambia ukweli mara zote nikimchapa. Mbuzi italipwa. Zile fimbo mimi siwezi kuzirudisha. Musyoka, nilikukosea, na hawa wote wajue."

Hata watoto wadogo waliacha kucheza. Musyoka alikuwa amesimama karibu na ukuta, mikono nyuma, anaangalia ardhi. Nilitaka akimbie amkumbatie Baba, kama ningefanya mimi. Hakukimbia. Taya zake zilikuwa zinafanya kazi. Mwishowe akasema neno moja tu, "Nimesikia." Na watu wakaanza kutawanyika taratibu, wakiongea chini chini.

Mwenye mkokoteni alikuwa ameondoka kumnywesha punda wake, akachelewa. Jua lilikuwa kali. Baba akasema haoni sababu ya kungoja, atatembea na magongo, nyumbani si mbali. Alitangulia, na tangu hatua za kwanza ilionekana hataweza. Gongo moja lilikuwa linazama mchangani. Mama alitaka kumshika, lakini Musyoka alikuwa amefika. Alichukua lile gongo, akanipa mimi, akajiweka chini ya kwapa la Baba, na uzito wa Baba ukamwangukia begani.

Tukaenda hivyo mpaka kwenye kona ya kwanza. Hapo Baba akageuka nyuma. Anko Mbithi alikuwa amebaki mbali, peke yake, wale waliomshikilia wamekwenda zao. Alikuwa akijaribu kutembea kwa kushika ua wa miiba, akisimama kila baada ya hatua, na waliompita njiani walimpita kwa upande mwingine.

Baba akasimama.

Musyoka akaendelea kuangalia mbele. Nilimwona jasho likimtiririka shingoni, na nilimwogopa, nilifikiri sasa atamwachia Baba aanguke. Hakuna aliyemwambia chochote. Alivuta pumzi, akamshika Baba vizuri zaidi kiunoni, akapanua miguu yake kidogo ili asimame imara, nasi sote tukangoja, mpaka Anko akatufikia.